Mtu wa pwani kwenye mlima wa watu: unavyokwenda Udzungwa bila kuwa kero

Jamani nianze kwa kukiri. Mie mtu wa Unguja, nimekulia Bububu, na mlima pekee nilokuwa naujua ni Masingini, ambao ndo pahala pa juu kabisa kisiwani kwetu, mita kama 120 hivi kutoka baharini, unaupanda na bakuli la urojo mkononi na haumwagiki. Sasa mtu kama mie anapelekwa Udzungwa, kilele cha Luhombero kule kinapita mita 2,500, msitu unaanzia chini kabisa bondeni unapanda bila kukatika mpaka mawinguni, na mguuni kavaa malapa. Ndo nilivokwenda mara ya kwanza, na malapa. Ntaisema mbele iliishia wapi.

Saivi nshakwenda mara tatu, mara ya mwisho tulikuwa watu saba, wengine wa nyumbani wengine wa mtaani, na kila tukirudi watu wananuliza vipi kule, mnapandaje, mnalipaje, kuna choo? Kwa hivo naandika hapa mara moja alafu niwe nawatumia linki tu.

Kabla ya nauli na mabegi kuna kitu kimoja lazma nikiseme. Sisi watu wa Zanzibar hatuna udhuru. Mtu wa pahala pengine anaweza kusema mie sijui utalii, sijui mgeni anatakiwa awe vipi, lakini sie tunakaa na wageni mwaka mzima, tunamjua mgeni mzuri na tunamjua mgeni kero akiwa bado hajashuka kwenye teksi. Tunanung'unika kila siku, mtu anapita Mji Mkongwe nusu uchi, mwengine anamtoa kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, majini apige nae picha mpaka kinamfia mkononi, boti kumi zinamfukuza pomboo mmoja Kizimkazi. Alafu sie wenyewe tukivuka maji, tukafika kwenye hifadhi ya wenzetu bara, tunafanya yaleyale, tena kwa Kiswahili. Nimeyaona na mengine nimeyafanya mie.

Haya, Udzungwa yenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ipo Morogoro na Iringa, ilitangazwa kuwa hifadhi 1992, ina kilomita za mraba 1,990, kwa hivo ni kubwa kuliko Unguja nzima, na ndani yake hakuna barabara ya gari hata moja. Si kama Mikumi au Serengeti unakaa kwenye gari unatoa kichwa juu. Kule ni miguu yako. Kwa hivo anaetaka kumuona simba amekaa kwenye siti na soda mkononi, huko siko, aende Mikumi wala asione haya. Udzungwa ni miti, maji, vipepeo, ndege, na kima. Tembo na nyati wapo, lakini kwenye msitu mzito vile mara nyingi utaona kinyesi chake na tawi alolivunja, na ukimuona mwenyewe uso kwa uso sidhani kama utafurahi.

Wakati wa kwenda ni kipupwe, kuanzia Juni mpaka Oktoba hivi. Usiende masika, Machi mpaka Mei, njia zote utelezi mtupu, na si kwa ajili yako wewe tu utakaeanguka. Njia ikiwa tope watu wanaikwepa, wanapita pembeni kwenye majani, kesho na pembeni nako kunakuwa tope, wanasogea tena, mwisho kijinjia cha mtu mmoja kinakuwa kama barabara ya ng'ombe na mvua ikija inabeba udongo wote. Kwa hivo hata kipupwe ukikuta tope, pita katikati ya tope. Raba zinaoshwa. Muongozaji wetu alitwambia hivo na watu wakamuona mkali, mpaka akatuonesha pahala palopasuka mtaro urefu wa kiuno cha mtu, akasema hapa palianza na watu wasotaka kuchafua viatu.

Namna ya kufika. Boti ya asubuhi kutoka bandari ya Malindi kwetu Unguja, Dar unafika mapema, na saivi kuna treni ya SGR inakupeleka Morogoro chini ya saa mbili au kwenye saa mbili, stesheni yake ya Dar haipo mbali na bandarini, ukiwa na begi moja hata hujachoka. Morogoro unashuka stesheni iko nje ya mji kidogo, unachukua usafiri mpaka stendi ya Msamvu, pale unatafuta basi la Ifakara, linapita Mikumi, linakata kushoto, Kidatu, Sanje, alafu Mang'ula, ambapo ndo geti na ofisi ya hifadhi. Au chukua basi la moja kwa moja kutoka Dar stendi ya Magufuli. Reli ya TAZARA nayo inapita hapohapo Mang'ula na stesheni ipo, mie sijaipanda, anaeipenda treni aulize ratiba mapema asije akalala stesheni. Siku ya kwanza ni ya safari tu, usijidanganye kwamba utashuka kwenye basi upande mlima, lala Mang'ula, asubuhi ndo uanze.

Kwenye basi kuna mtihani wa kwanza na wengi tunafeli. Barabara kuu ya Iringa inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi, kilomita kama 50, unaona tembo, twiga, pundamilia bure kabisa dirishani. Na dirisha hilohilo watu wanatupia chupa, maganda ya ndizi, mfuko wa chipsi. Nyani wanakaa pembeni ya lami wanasubiri, wameshajua basi lina chakula, wanagongwa. Sie kwetu pale kwenye msitu wa Jozani tumewekewa matuta barabarani kwa sababu kima punju walikuwa wanakufa kwa magari, kwa hivo mtu wa Unguja ndo wa mwisho kuambiwa hili. Mamkubwa wangu alimzuia jirani yake wa siti alokuwa anataka kutupa chupa, akamwambia nipe mimi mwanangu, na akaibeba mpaka Mang'ula. Yule kijana aliona haya mpaka akamnunulia mahindi Kidatu.

Malipo. Ofisi ya hifadhi unalipa kwa kontrol namba, simu au kadi, usije na bulungutu la noti ukadhani utamalizana na mtu mlangoni. Raia tunalipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, lakini uwe na kitambulisho cha taifa, asokuwa nacho asilalamike akiulizwa maswali. Muongozaji ni lazima na analipiwa, na njia ndefu za kulala msituni unapewa na askari mwenye silaha kwa ajili ya nyati na tembo. Piga simu ofisini kwao siku kadhaa kabla, sema mko wangapi, mna umri gani, nani ana presha nani ana goti bovu. Na msiende kama harusi. Sie tuna tabia ya kukodi Kosta nzima watu thelathini na masufuria ya pilau. Saba kwetu ilikuwa tayari wengi, waliokuwa nyuma hawakusikia hata nusu ya maneno ya muongozaji.

Njia zipo za kila mtu. Ipo fupi pale karibu na geti, kilomita moja hivi mpaka kwenye maporomoko madogo ya Prince Bernhard, hii hata mtu mzima anakwenda taratibu. Ipo ya Sanje, ndo inayojulikana, saa nne hivi kwenda na kurudi, na maporomoko yenyewe ni mita 170, maji yanashuka kwa hatua. Ipo ya kilele cha Mwanihana, zaidi ya mita 2,000, siku tatu na unalala msituni mara mbili, hii usiende kwa kuona picha za mtu, fanya mazoezi kwanza, na Masingini haitoshi.

Sasa malapa. Tulikuwa njia ya Sanje, nusu ya kupanda, lapa la kulia likakatika kile kikamba cha baina ya vidole. Nikakaa kwenye gogo nacheka, wenzangu wanacheka, muongozaji hakucheka. Akavua begi lake akatoa kamba ya kiatu ya akiba, akanifunga mguu na lapa pamoja kama anafunga kuku wa kupelekwa sokoni, akasema twende kaka taratibu. Tukaondoka. Baada ya hatua tano nikageuka nikamuona karudi pale kwenye gogo, kainama, anaokota kile kikamba changu cha plastiki kilokatika, kidogo kama kidole, akakitia mfukoni. Hakunambia kitu. Wallahi bora angenigombeza.

Kwa hivo viatu vya kufunika mguu vyenye meno chini, si lazma vya bei, mtumba wa sokoni Darajani kwetu mjini unatosha. Suruali ndefu, soksi ndefu juu ya suruali kwa ajili ya siafu. Siafu wa kule wakikupanda utavua nguo mbele ya wakwe. Wanawake wetu walivaa suruali chini na dera fupi juu, mtandio wa kufunga si wa kuachia, buibui refu linanasa kwenye mizizi na linazoa tope. Koti la mvua, sweta moja hata kama Mang'ula chini ni joto. Maji lita mbili kila mtu kwenye chupa ya kurudia. Tochi. Mfuko wa taka, na si wa plastiki nyeusi, bara waliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019 na sie kwetu tulitangulia, chukua kikapu au mfuko wa kitambaa. Droni wacha nyumbani, hairuhusiwi bila kibali. Na ile spika ya bluututhi wacha nyumbani pia. Kuna kundi tulilikuta njiani na singeli limefunguliwa mpaka mwisho, muongozaji wetu akasema leo hamtaona kitu hapa, na kweli, nusu saa nzima hatukuona hata ndege.

Chakula sie tulibeba boflo, mayai ya kuchemsha, tende, machungwa, na mamkubwa akatia kachori. Hapa ndo kwenye kisa cha nyani. Zanzibar hatuna nyani, tuna kima, na mtu alozoea kima punju wa Jozani anakaa mbali na wewe anakula majani yake na kipande cha mkaa, anadhani nyani ni yuleyule kavaa koti tofauti. Tumekaa kupumzika, akatokea dume moja kubwa, akakaa mita kama kumi anatutazama kwa ubavu, hatazami moja kwa moja. Mwenzetu mmoja akamtupia kachori. Muongozaji akasema "kaka, usimpe," neno limeshachelewa. Nyani akaiokota, akainusa, akala, alafu akasogea. Hakusogea kwa alotupa, alisogea kwa mamkubwa kwa sababu kontena liko mapajani mwake. Alifungua kinywa tu, meno yale ni marefu kuliko kidole changu cha kati, na mamkubwa akalitupa kontena zima na mkoba na dawa zake za presha ndani. Tulizipata dawa baadae, mkoba umechanika. Muongozaji alikusanya kachori zilobaki moja moja kwenye majani mpaka ya mwisho, na alichosema ni kwamba kesho nyani huyu atakuja hapahapa akimkuta mtoto wa mtu na mkate. Na akiwa mkorofi sana mwisho wake ni risasi, kosa la nani?

Kwa hivo usimpe chochote, usile karibu nae, na ganda la chungwa unarudi nalo. Watu wanasema ganda litaoza. Litaoza ndio, lakini mpaka lioze mnyama kashajifunza kwamba pahala pale pana chakula cha watu.

Kima wenyewe ndo sababu ya watu kutoka mbali kuja Udzungwa. Yupo mbega mwekundu wa Udzungwa, ambae ni jamaa wa karibu wa kima punju wetu, ukimuona utasema huyu namjua, manyoya ya kichwani yale mekundu. Na yupo ngolaga, anaeitwa kwa jina la kijiji cha Sanje kwenye vitabu, hapatikani pahala pengine duniani ila milima hii. Wataalamu walimjua 1979 tu. Wenyeji walikuwa wanamjua na wana jina lake miaka yote hiyo, hakuna alowauliza. Mie nikiwa njiani na muongozaji kijana wa palepale nakumbuka hili, nafunga mdomo nasikiliza. Ukiwakuta kima kaa mbali, mita kumi hivi au zaidi, usipige mluzi, usiwatazame machoni, flashi ya simu izime. Na kama una mafua au kikohozi cha siku zile, usipande. Maradhi yetu wanayapata, hawana panado wala kituo cha afya.

Choo na sala, kwa sababu ndo maswali nnayoulizwa faragha kila siku. Nenda haja kabla ya kuanza, getini kuna vyoo. Njiani ikikubana, mwambie muongozaji, yeye anajua wapi hakuna siafu, toka kwenye njia na uwe mbali na mto hatua sabini au zaidi, chimba shimo shubiri moja, maliza, fukia. Chupa ya maji ya kustanji beba yako, hiyo inatosha na ni bora kuliko tishu, kule tunakuta tishu nyeupe nyuma ya kila mti mkubwa kama maua. Vile vitambaa vyenye dawa vya watoto haviozi leo wala kesho, unarudi navyo kwenye mfuko. Pedi na pampasi hali kadhalika.

Udhu usiingie mtoni ukakaa ukaosha miguu na sabuni. Teka kwa kopo, tawadha pembeni maji yaishie kwenye udongo. Hakuna sabuni ya aina yoyote kwenye maji yale, hata ukiwa unaoga chini ya maporomoko, oga kwa maji matupu kama siku za utoto mtoni. Kibla rahisi, karibu sawasawa na kwetu, kaskazini na kuegemea mashariki kidogo sana. Msafiri ana ruhusa zake za kupunguza na kukusanya, sie tuliswali Adhuhuri na Alasiri pamoja kwenye jiwe bapa, mkeka tulotandika ni mtandio, na jiwe likabaki kama lilivokuwa.

Mawe ya pale kwenye maporomoko, kwa njia, ndo yanayoua. Yana ukijani mwembamba juu yake huuoni, unakanyaga unaona umesimama, kumbe unaondoka. Juu ya Sanje usisogee ukingoni kwa ajili ya picha. Picha nzuri inapatikana chini, maji yakiwa nyuma yako, tena uso unaonekana. Na usichonge jina. Twendeni Mangapwani mtazame kuta za pango zilivojaa majina ya watu wa skuli, fulani alikuwepo, fulani anampenda fulani, nani anasoma yale? Wala usichume. Mamkubwa aliona vimaua vya zambarau kwenye mwamba, vidogo, majani yake yana vinyweleo kama shavu la mtoto, mkono ukaenda wenyewe kama anachuma vilua uani kwake. Maua yale yanayouzwa ulaya kwenye vyungu vya dirishani asili yake ni milima hii ya Tao la Mashariki, safu ambayo Udzungwa imo, na kwenye mwamba ule ukikichuma kile kimoja pengine ndo kilikuwa hichohicho.

Nikija kwenye viatu tena, si malapa safari hii, tope la kwenye viatu. Hili ndo ambalo mie mwanzo nililiona ni kupitiliza. Huko huko milima ya Udzungwa, upande wa kusini, kuna mto Kihansi, na pale kwenye manyunyu ya maporomoko yake palikuwa na chura mdogo wa rangi ya manjano, anaishi pale tu, eneo la hekta mbili hivi. Wataalamu walimgundua 1996. Mwaka 2000 likafunguliwa bwawa la umeme maji yakapungua, na juu ya hayo ukaja ukungu wa maradhi unaokula ngozi za vyura, 2003 wakaanguka ghafla, na 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Waliobaki walikuwa Marekani kwenye bustani za wanyama, walikuwa wameshapelekwa mapema, na ndo walorudishwa porini kuanzia 2012. Ukungu ule unasafiri kwenye maji na tope, na tope linasafiri kwenye soli ya kiatu. Kwa hivo kiatu ulichopandia pahala pengine, Jozani, Ngezi, Uluguru, popote, kisugue, kioshe, kikauke kabisa kabla hujaingia Udzungwa, na ukitoka kioshe tena. Chomoa na mbegu zilonasa kwenye soksi. Kama unaona mbegu moja haina neno, mtazame kunguru. Aliletwa Unguja kutoka Hindi mwisho wa miaka ya 1800 ale taka za mji, wachache tu, na leo anakuibia samaki Darajani na ameshamaliza vifaranga vya ndege wengine.

Na huo umeme wa Kihansi, megawati 180, unaingia gridi ya taifa, na gridi ndo inayotuletea sie umeme kwa waya wa chini ya bahari mpaka Fumba. Wanaokumbuka lile giza la miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya ulipoharibika, wanajua thamani ya waya ule. Mie nikisimama chini ya Sanje namwambia mwanangu, milima hii ndo inayowasha friji letu. Hakuamini. Chura kalipa bei yake na sie tumo miongoni mwa walowashiwa taa.

Watu wa Mang'ula. Hawa ndo wanaokaa chini ya mlima na mlima una masharti juu yao kuliko juu yako. Zamani waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu siku moja kwa wiki, 2011 ikasitishwa. Wewe unalipa unaingia unapiga picha kwenye msitu ambao bibi wa pale haruhusiwi kuokotea kijiti cha kupikia ugali wake. Simaanishi usiende, namaanisha usipite mbele yake na kuni kichwani ukamtolea simu. Shikamoo kwanza. Sie tumezoea salamalekum ikatosha, kule mtu mzima anataka shikamoo yake, na ukimpa utaongea nae mpaka jioni. Picha omba, akikataa kakataa. Lala kwenye nyumba za wageni za palepale, kula kwa mama ntilie wa palepale, ukiwa na wasiwasi wa kuchinja uliza kwa adabu, Waislamu wapo wengi bonde lile na watakuelekeza, usianze kukunja uso mbele ya chungu cha mtu. Kuna wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, tembo akigusa waya nyuki wanatoka anarudi msituni, hakuna wa kuuliwa, si mtu si tembo. Asali yake ukiikuta nunua. Mchele wa Kilombero nao usije ukarudi bila ya kuununua, mie narudi na kilo kumi kila safari na boti ikiyumba naukumbatia.

Bakshishi ya muongozaji mpe mkononi mwake, mbele ya wenzako, na kiasi mkubaliane kundi zima kabla, si kila mtu anampa elfu moja moja za kukunjakunja. Yule wangu wa kamba ya kiatu, safari ya pili nilimpelekea pea nzima za kamba mpya na karafuu kidogo. Kamba alizipokea, karafuu akauliza zinaliwaje.

Mwisho kuna la kurudi nalo nyumbani, na si zuri. Malaria. Kwetu Zanzibar imeshuka miaka mingi iko chini ya asilimia 1, watoto wetu hawaijui, na miili yetu imeisahau. Bonde la Kilombero, ambamo Mang'ula imo, ndo nyumbani kwa malaria kabisa, si bure kwamba taasisi kubwa ya utafiti wa malaria ipo Ifakara. Lala ndani ya chandarua hata kama nyumba ya wageni inakwambia hakuna mbu, vaa mikono mirefu jioni, dawa ya kupaka. Na ukirudi Unguja au Pemba ukapata homa ndani ya wiki tatu nne, usimeze panado ukalala. Nenda kituo cha afya, sema nilikuwa Kilombero, watakutoboa kidole majibu muda uleule. Malaria nyingi za Zanzibar saivi zinakuja na msafiri, na mbu wa mtaani kwako akikuuma wewe kabla hujapimwa anampelekea jirani.

Mie safari ya pili nilipimwa siku ya tisa, sikuwa nayo, ilikuwa mafua ya AC ya boti. Viatu vilikuwa bado vinaanikwa juu ya bati.